Kamba Kabla ya Sindano: Kumzoesha Mbwa Kutembea katika Bonde la Kilombero

Siku ya chanjo ya mbwa katika vijiji vya Bonde la Kilombero huanza mapema. Tangazo limekwisha kupita, afisa mifugo amefika na kasha la barafu lenye dozi, na meza imewekwa chini ya mwembe karibu na ofisi ya kijiji au katika uwanja wa shule. Kisha huanza kufika wenye mbwa, na aghalabu ni watoto. Mmoja anavuta kamba kwa mikono miwili huku mbwa wake amekita miguu yote minne mchangani. Mwingine amembeba mbwa begani kama mzigo wa kuni. Wa tatu amefika na kamba tupu, kwa kuwa mbwa amejinasua njiani akarudi nyumbani. Jioni, mbwa huyo wa tatu hamo katika hesabu ya waliochanjwa. Mwenyewe hakukataa chanjo, wala dozi hazikupungua. Mbwa alishindwa tu kutembea mita mia tano akiwa amefungwa kamba.

Makala haya yanahusu mita hizo mia tano, na namna mfugaji anavyoweza kumwandaa mbwa wake kuzitembea bila hofu.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaoshambulia mfumo wa fahamu. Virusi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa njia ya jeraha, mkwaruzo, au utando laini wa macho, pua na mdomo. Kwa binadamu, dalili huonekana mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa muda huo waweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Zikishaonekana, kifo ni karibu hakika. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni vifo vipatavyo 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na kwa Tanzania yamewahi kutolewa makadirio ya takriban vifo 1,500 kwa mwaka. Wanne kati ya kila kumi wanaokufa duniani ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Katika visa 99 kati ya 100 vya binadamu, aliyeambukiza ni mbwa.

Hesabu hii ya mwisho ndiyo yenye matumaini. Kwa kuwa chanzo ni kimoja, kinga yaweza kuelekezwa mahali pamoja: kila kampeni ikichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Virusi hivi, kinyume na watu wengi wanavyodhani, havisambai kwa kasi kubwa baina ya mbwa. Mbwa mmoja mgonjwa huambukiza wastani wa mbwa asiyefika wawili. Uchunguzi uliofanyika Serengeti ulionesha kwamba ugonjwa hushindwa kuendelea pale kinga katika kundi la mbwa inapobaki juu ya kiwango kilicho kati ya asilimia 20 na 45. Asilimia 70 inalengwa kwa sababu mbwa hufa na wengine huzaliwa upesi, hivyo kinga ya kundi hushuka mwezi hadi mwezi mpaka kampeni nyingine ifike. Katika kitongoji chenye mbwa ishirini, wale watatu au wanne waliokataa kamba ndio wanaoweza kukishusha kitongoji chini ya lengo.

Wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa miongoni mwa wilaya za kusini-mashariki mwa Tanzania zilizoingizwa katika mradi wa kielelezo wa kutokomeza kichaa cha mbwa, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates. Mwaka 2014 mtafiti Kevin Bardosh na wenzake, wakiwemo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, walichapisha utafiti kuhusu jinsi wakazi wa wilaya hizo mbili walivyoielewa na kuipokea kampeni hiyo. Pamoja na umbali wa vituo na upungufu wa taarifa, ugumu wa kumshika na kumfikisha mbwa kituoni ulijitokeza kuwa kikwazo. Bonde hili linalijua somo la namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vyandarua vyenye dawa vilipouzwa Kilombero na Ulanga kupitia mradi wa KINET, kazi haikuishia kwenye kukifikisha chandarua dukani, kwani chandarua kilichokunjwa juu ya kabati hakimkingi mtu. Dozi iliyobaki ndani ya kasha la barafu nayo haimkingi mbwa.

Mbwa asiyejua kamba

Ni makosa kudhani kwamba mbwa wa Kilombero hapendi kutembea. Hutembea kuliko mbwa wengi wa mijini. Alfajiri hufuatana na wenye nyumba hadi shambani, hupita pembezoni mwa majaruba ya mpunga, hulala chini ya dungu usiku akisikiliza nguruwe pori, na mchana hufukuza tumbili na nyani. Familia inapohamia shambani kwa miezi ya kilimo, mbwa huhamia nayo. Asichokijua ni kwenda akiwa amefungwa.

Kamba yenyewe ina historia mbaya machoni pake. Kwa mbwa wengi, kamba hutokea mara chache sana maishani: siku alipokula mayai akafungwa ili apigwe, siku alipotolewa kwa mwenye nyumba mwingine, na siku ya chanjo. Mnyama mwenye kumbukumbu kama hizo akikita miguu, hafanyi ukaidi. Anafanya busara kwa kadiri ya anavyojua. Kazi ya mfugaji ni kuipa kamba maana nyingine, na kazi hiyo haiwezi kufanyika asubuhi ya chanjo. Wakati mwafaka ni baada ya mavuno, familia zikisharudi kijijini. Vijiji vinavyotarajia chanjo karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, yaani tarehe 28 Septemba, vingefanya vyema kuanza mapema Agosti.

Kwanza, je, mbwa ni mzima?

Mbwa aliyekuwa akitembea vizuri na sasa hataki, asilazimishwe kabla ya kuchunguzwa. Kisababishi cha kawaida katika vijiji vyenye udongo mkavu wa vumbi ni funza. Hujichimbia kwenye nyayo na kati ya vidole, na kila hatua humuuma. Mwenye mbwa aliyepata funza azitazame pia nyayo za watoto wake, kwani wote hukanyaga ua ule ule. Kupe waliojazana masikioni na kati ya vidole huleta maumivu, na baadhi yao huambukiza magonjwa yanayompunguzia mbwa damu na nguvu. Safura hutokana na minyoo na huonekana kwa ufizi kupauka. Ugonjwa wa ndorobo, unaoenezwa na mbung'o, humpata mbwa pia, naye hudhoofu na wakati mwingine macho huwa na ukungu. Yote haya ni ya kupelekwa kwa afisa mifugo. Hayatibiwi kwa mazoezi.

Iko sababu moja ambayo haihitaji mazoezi kabisa. Kichaa cha mbwa chenyewe huweza kuanza kwa mbwa kubadilika tabia: mkali akawa mnyonge, mpole akawa mkali, akajificha gizani, miguu ya nyuma ikalegea, taya likaanguka, mate yakatiririka, sauti ya kubweka ikabadilika. Watu wengi wanamjua mbwa mwenye kichaa anayekimbia na kung'ata ovyo, lakini yule aliyelegea na kupooza humdanganya mwenye nyumba, ambaye huingiza mkono mdomoni akidhani kuna mfupa umekwama. Mbwa wa namna hiyo asifungwe kamba wala asiguswe. Watu na wanyama waondoke karibu naye, naye afisa mifugo aitwe mara moja.

Mkanda, kamba, hatua

Mafunzo huanza na mkanda wa shingoni. Ukanda wa begi kuukuu unafaa, hata kipande cha kanga kilichokunjwa mara kadhaa na kufungwa kwa fundo lisilojikaza. Upana wake uwe kama wa vidole viwili, na baada ya kufungwa, vidole viwili viweze kupita kati yake na shingo. Kitanzi kinachojikaza ndicho kosa linalorudiwa kuliko yote. Mbwa akivuta, koo hubanwa. Akibanwa, huvuta zaidi, na mwisho huung'ata mkono ulio karibu naye, ambao kwa kawaida ni wa mtoto.

Mkanda uvishwe muda mfupi kabla ya chakula, mbwa ale akiwa nao, kisha uvuliwe. Siku ya pili akae nao kwa muda mrefu zaidi. Atajikuna, atajigaragaza, na hilo si jambo la kumkemea. Anapousahau, kamba yenye urefu wa mita mbili hivi ifungwe mkandani na kuachwa iburute chini uani, mtu mzima akiwa karibu kuangalia isinase kwenye kisiki. Kamba nene ya manila ni bora kuliko nyembamba inayokata viganja. Mnyororo mzito haufai kwa mafunzo.

Baada ya siku mbili au tatu, mfugaji ashike ncha ya kamba na, kwa mara ya kwanza, amfuate mbwa aendako. Kisha arudi hatua moja nyuma, achuchumae kwa ubavu bila kumkodolea macho, na amwite jina. Mbwa akija, hata nusu ya njia, apewe kitu kidogo mdomoni papo hapo. Kitu hicho kiwe na ukubwa wa punje ya harage: tonge la ugali lililochovywa mchuzi wa perege, au kipande cha dagaa. Dagaa mmoja akikatwa vipande vitatu ni ujira wa hatua tatu, na kwa gharama hiyo hakuna kaya iliyoshindwa. Ujira ucheleweshwapo hadi mwisho wa safari, mbwa hajui amelipwa kwa lipi.

Sehemu ngumu huja mbwa anapokita miguu. Mikono ya mtu hutaka kuvuta, na hapo ndipo mafunzo mengi huharibika, kwani mbwa anayevutwa huvuta upande wa pili. Mfugaji asimame, kamba ilegee, ageuze mwili kando na kungoja kimya. Mbwa akiinua mguu mmoja kumwelekea, alipwe. Asipotikisika baada ya muda, warudi pamoja hatua chache kuelekea nyumbani, alipwe kwa hizo, na somo liishe. Kesho lianzie pale alipofaulu jana. Fimbo yaweza kumtembeza mbwa leo, lakini kesho atakapoiona kamba atakuwa amekwisha ingia chini ya kihenge.

Nje ya ua, njia ya kwanza iwe ile anayoipenda, yaani ya shambani. Aachwe anuse. Kwa mbwa, kunusa vichaka vya njiani ni sehemu kubwa ya raha ya matembezi, na mbwa anayenusa kwa utulivu ni mbwa ambaye hofu imempungua. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Alfajiri na jioni ni bora, kwa kuwa mchanga na lami ya mchana huunguza nyayo. Kipimo ni mgongo wa kiganja: ukishindwa kukaa juu ya ardhi kwa sekunde chache, nyayo za mbwa zisipelekwe hapo.

Mbwa hutangaza hofu yake kabla ya kung'ata. Mkia huingia kati ya miguu, masikio hulala nyuma, hupiga miayo bila usingizi, hujilamba midomo bila chakula, na weupe wa jicho huonekana. Zikitokea dalili hizo bodaboda inapopita au kundi la ng'ombe linapokuja, dawa ni umbali. Arudishwe nyuma hadi atulie, alipwe hapo, na asogezwe taratibu siku nyingine. Wakaazi wa karibu na reli ya TAZARA wasianze mafunzo saa ya treni.

Mwishowe aende pale chanjo inapotolewa, uwanja ukiwa mtupu, mara mbili au tatu, na kila mara apewe chakula chini ya mwembe ule. Nyumbani azoeshwe pia kushikwa. Wakati anakula, mtu anayemjua amshike kidogo ngozi ya shingo na ya paja, kama mchanjaji atakavyofanya. Mbwa wengine hukubali haya yote ndani ya wiki mbili. Aliyewahi kupigwa akiwa kambani aweza kuhitaji mwezi, na mwenyewe asikate tamaa katika wiki ya kwanza.

Liko jambo ambalo wahudumu wa afya hulikwepa, nalo halipaswi kukwepwa. Kaya nyingi za Kiislamu bondeni hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi na shamba, jambo linaloruhusiwa, lakini hujitahidi kuepuka mate yake kwa sababu ya twahara. Matokeo yake mbwa huwa hajawahi kuguswa, na siku ya chanjo hakuna wa kumshika. Kamba ndefu na ujira unaodondoshwa chini badala ya kutiwa mdomoni huwezesha mafunzo yote haya kufanyika bila mate kumgusa mtu. Ushauri ukitolewa kwa namna hiyo, kwa heshima, hupokelewa.

Nani ashike kamba

Watoto hupelekwa na mbwa kwa sababu wao ndio wanaocheza nao, na mbwa huwatii. Hilo ni kweli, na mtoto anaweza kushiriki mafunzo ya uani akiwa na mkubwa wake. Lakini siku ya chanjo kuna mbwa arobaini wasiojuana, joto na kelele. Kamba ishikwe na mtu mzima, na mtoto amwite mbwa jina kutoka pembeni. Mbwa mwenye wasiwasi afungwe mdomo kwa ukanda wa kitambaa: kitanzi kuzunguka pua na taya, ncha zipishane chini ya taya, kisha zifungwe nyuma ya masikio. Asiachwe hivyo zaidi ya dakika chache, kwani mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Wenye mbwa wagumu wangefanya vyema kufika mwanzo kabisa, kabla ya msongamano.

Mbwa wadogo wasibaki nyumbani. Imezoeleka kudhani kwamba mtoto wa mbwa asiyefikisha miezi mitatu hafai kuchanjwa, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mbwa wote wachanjwe katika kampeni, wadogo wakiwemo. Nao ndio rahisi kuliko wote kuzoeshwa kamba.

Akimng'ata mtu wakati wa kumfunga

Zahanatini hufika wagonjwa wenye majeraha ya namna hii, na wengi huanza kwa kujilaumu: "Nilimvuta mwenyewe." Kwamba mbwa alichokozwa hakuondoi hatari. Kila jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha lipakwe dawa ya kuua vijidudu kama povidoni-ayodini. Lisipakwe masizi, petroli, pilipili wala majani, na kwa kadiri iwezekanavyo lisishonwe. Mhudumu apime ukubwa wa mguso. Kulambwa kwenye ngozi nzima hakuhitaji chanjo. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu huhitaji chanjo mara moja. Jeraha lililotoa damu, au mate yaliyoingia machoni, mdomoni au kwenye ngozi iliyochubuka, huhitaji chanjo pamoja na kingamwili zinazodungwa ndani na kuzunguka jeraha. Kinga ya pepopunda nayo iangaliwe.

Chanjo ya binadamu hutolewa kwa siku kadhaa tofauti, na mgonjwa kutoka Mlimba au Mngeta atalazimika kurejea mara zaidi ya moja, kwa nauli na siku za kazi zilizopotea. Aelezwe tangu mwanzo tarehe zote, naye asikatize kwa sababu jeraha limepona. Mbwa mwenye afya aliyemng'ata mtu asiuawe wala asifukuzwe. Afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, na afisa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo kwa simu kutoka kituo cha afya. Hapa pia mbwa aliyezoea kamba husaidia, kwa kuwa aweza kukaa amefungwa siku kumi bila kujiumiza. Asiyeizoea huikata usiku wa kwanza, na mgonjwa hubaki bila jibu.

Baada ya sindano, mbwa arudi nyumbani kwa mwendo wa taratibu, alipwe njiani kama siku zote, na apewe maji. Uvimbe mdogo mahali alipodungwa au uchovu wa siku moja si ajabu. Kadi ya chanjo ihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, na mara moja kwa wiki mbwa atembezwe kwa kamba, ili asiisahau kabla ya kampeni ya mwaka ujao. Kwa mbwa ambaye baada ya yote haya hakubali kuongozwa, mwenyewe amweleze mwenyekiti wa kitongoji siku kadhaa kabla, ili afisa mifugo apange kupita nyumbani kwake akitoka uwanjani, mbwa akiwa amekwisha fungwa uani na mtu anayemjua akiwa pembeni yake.